Mbwa na Wageni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumfundisha Mbwa Atulie Mtu Anapobisha Hodi

Haya ndiyo maswali ambayo wenye mbwa huyarudia kila siku. Majibu yamelenga nyumba zetu zilivyo: geti la bati au chuma, uwani, dada wa kazi, watoto, na watu wanaoingia na kutoka kutwa nzima. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate.

## Kabla hujaanza

Kwa nini mbwa wangu anamrukia kila anayeingia?

Kwa sababu inamlipa. Mbwa husalimiana kwa kunusana mdomoni, na mdomo wa binadamu uko juu, kwa hiyo lazima aruke aufikie. Alipokuwa mtoto aliruka mkacheka, mkambeba na kumpapasa. Sasa ana kilo 30 na anafanya kile kile, ila leo mama mkwe amevaa kitenge kipya. Hata anayemsukuma kwa mikono huku akipiga kelele "Toka! Toka!" anampa alichokuwa anakitafuta: kuguswa, kutazamwa na kusemeshwa.

Wapo pia wanaoruka kwa wasiwasi. Namna ya kuwatofautisha iko kwenye swali la kusoma mwili wa mbwa, huko chini.

Nikimfundisha kutulia, si nitakuwa nimejipotezea mlinzi?

Swali halali, maana wengi wetu hatufugi mbwa kwa mapambo. Jibu ni hapana. Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kutoa taarifa kwamba kuna mtu. Akishabweka mara tatu nne, nawe ukatoka, kazi yake imekwisha, iliyobaki ni yako. Mbwa anayebwekea kila kitu, kuanzia muuza maziwa wa kila asubuhi hadi kuku wa jirani, haichukui muda watu wa nyumba wanamzoea na hakuna anayetoka tena kuchungulia. Usiku mwizi akija kweli, mtageukia upande wa pili mlale. Lakini yule aliyezoea kunyamaza mwenye nyumba akimpokea mtu, siku akibweka bila kukoma saa nane za usiku, mtaamka.

Waangalie mbwa wa polisi. Hao ndio waliofundishwa kukamata watu, na bado hukaa kando ya askari wao katikati ya umati bila kumgusa mtu hadi waamriwe. Mbwa mkali asiyezuilika, mara nyingi humuuma mtoto wa jirani kabla hajamwona mwizi hata mmoja. Na kile kibao cha "Mbwa Mkali" getini kitaendelea na kazi yake hata kama mbwa mwenyewe amelala mkekani.

Nimeambiwa nimfungie gizani na kumlisha pilipili ili awe mkali. Ni kweli?

Pilipili inamuumiza tumbo, basi. Giza na upweke humfanya aogope watu. Mbwa mwoga huuma ovyo, akiwemo anayemletea chakula.

Mbwa wa kienyeji anafundishika, au mpaka awe German Shepherd?

Anafundishika, na mara nyingi kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Wengi wao wamekulia kwa kusoma nyendo za binadamu: nani ana jiwe mkononi, nani ana mfupa. Kinachowaponza ni kwamba hakuna aliyejaribu kuwafundisha.

German Shepherd ni mbwa wa kuchunga kondoo kwa asili. Uzao wake ulianza kuandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899, na mpaka leo kila kinachosogea humvuta macho. Ukimfungia kwenye banda la mita mbili siku nzima halafu ukategemea awe mpole mgeni akija, unamwonea. Anahitaji kutembezwa na kupewa kazi ya akili kuliko yule wa kienyeji. Hayo hayo kwa Rottweiler na Boerboel, pamoja na nyongeza moja: uzito wao unafanya hata salamu ya furaha imwangushe mzee.

Mbwa wangu ni mkubwa tayari. Nimechelewa?

Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli. Kipindi ambacho kitoto cha mbwa huzoea mambo mapya bila hofu ni takriban wiki ya 3 hadi ya 14 ya maisha yake. Ukiwa na kitoto, tumia wiki hizo kumwonyesha watu wa kila namna: mwenye buibui, mwenye helmeti, mzee wa mkongojo, mtoto anayekimbia, fundi aliyebeba ngazi. Kama chanjo zake hazijakamilika, mbebe. Haina haja akanyage mahali mbwa wengine wanapokojoa.

Mbwa mtu mzima anajifunza pia. Tofauti ni kwamba yeye ana mazoea ya kuacha kwanza, na kama tatizo ni hofu, utakwenda naye polepole zaidi.

Itachukua muda gani?

Kuruka kwa furaha hupungua ndani ya wiki chache, mkifanya mazoezi kila siku dakika tano tano. Hofu huhesabiwa kwa miezi. Mbwa aliyekwisha kuuma ni habari nyingine, na ana swali lake.

## Maandalizi

Nahitaji vifaa gani?

Mkanda imara wa shingoni au wa kifuani, kamba ya mita mbili hivi, na mkeka: gunia safi, kipande cha zulia chakavu, hata khanga kuukuu iliyokunjwa. Muhimu ni kwamba kiwe kile kile kila siku na kiweze kuhamishwa. Mnyororo wa chuma hauhitajiki kwa mafunzo haya, na ule mkanda wa miba ya kubana shingo uache dukani. Mbwa akiumia shingo kila anapomwona mgeni, atajifunza kwamba wageni huleta maumivu.

Chakula gani kinafaa kuwa zawadi?

Kitu ambacho hakipati kwenye sahani yake ya kawaida. Mapafu ya ng'ombe kutoka buchani ni bei nafuu. Yachemshe bila chumvi, yakate vipande vidogo kama punje ya hindi, ugandishe vingine. Dagaa wakavu wasio na chumvi nao wanafanya kazi vizuri na havichafui mfuko sana. Utumbo wa kuku uchemke hadi uive. Epuka chokoleti, zabibu na chochote kilichoungwa kitunguu, kwa sababu vinamdhuru mbwa, na usimpe mifupa iliyopikwa, inavunjika vipande vyenye ncha.

Mbwa aliyeshiba ugali hana shauku. Fanyeni mazoezi kabla ya chakula cha jioni.

Ni lazima watu wote wa nyumbani wajue haya?

Ndiyo, na hapa ndipo mafunzo mengi hufia. Baba anamzuia asiruke, kijana wa chuo akirudi likizo anamwambia "Njoo Simba!" huku akijipigapiga kifuani. Kaeni pamoja mkubaliane maneno machache na kila mtu ayatumie hayo hayo: *kaa*, *mkekani*, *acha*, *haya*. Mlinzi na dada wa kazi wasiachwe nje ya kikao hicho, kwani mara nyingi wao ndio wanaofungua geti, na wao ndio mbwa anaowatii.

## Mafunzo yenyewe

Nianzie wapi?

Mkekani, bila mgeni yeyote. Huwezi kumwambia mbwa "usiruke" ukaishia hapo. Hajui afanye nini badala yake. Mpe kazi nyingine isiyochanganyika na kuruka, na kazi rahisi kuliko zote ni kulala mahali pake.

Tandika mkeka sebuleni au barazani, mahali anapoweza kuona mlango bila kuuziba. Dondosha kipande cha pafu juu yake. Akikanyaga kukila, dondosha kingine kabla hajatoka, na kingine. Halafu sema "haya", rusha kimoja mbali ili aondoke, umsubiri. Mbwa wengi wataurudia mkeka wenyewe baada ya mizunguko michache, wakikutazama kama wanaokudai. Hapo ndipo unapoanza kusema "mkekani" anapouelekea. Neno lifuate tendo mwanzoni. Ukianza kulipaza kabla hajajua maana yake, linageuka kelele.

Akishakwenda kwa neno, ongeza muda: hesabu mpaka tatu kabla ya kulipa, kisha kumi, kisha thelathini. Baadaye ongeza mwendo wako. Piga hatua moja, rudi, lipa. Nenda hadi mlangoni, rudi, lipa. Gusa kitasa, rudi, lipa. Kosa linalojirudia ni kuongeza vyote siku moja, yaani muda, umbali na mlango kufunguka. Akishindwa mara mbili mfululizo, umemrukisha darasa. Rudi ngazi moja nyuma.

Nitamfundishaje aende mkekani akisikia "hodi"?

Hili ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa kwetu mgeni hutangaza ujio wake kwa sauti. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa akizoea ishara fulani kutangulia chakula, hudondokwa mate kwa ishara peke yake. "Hodi" inaweza kuwa ishara hiyo.

Mbwa akiwa karibu na mkeka, sema wewe mwenyewe "hodi" kwa sauti ya chini, nyamaza kidogo, halafu weka kipande mkekani. Utaratibu usigeuke: hodi kwanza, chakula baadaye. Ukimwonyesha chakula kabla, neno halina maana. Rudia hadi anaposikia "hodi" anageuza kichwa kutazama mkeka badala ya mlango. Kule kugeuza kichwa ndiko unakokutafuta.

Sasa mpe mtoto mkubwa kazi ya kusema "hodi" akiwa koridoni, kisha nje ya mlango, kisha uwani, kisha getini. Mtaongeza kugonga bati, maana mlio wa bati una mambo yake na mbwa wengi huamshwa nao kuliko sauti ya mtu. Kama mna kengele, ifundisheni kivyake. Mwisho, mtu wa nyumbani atoke kabisa, azunguke mtaa, arudi kama mgeni: hodi, kugonga, kimya, "karibu", mlango unafunguka, anaingia bila kumtazama mbwa, anakaa. Wewe muda wote huo unalipa mkekani, kipande baada ya kipande. Mgeni akishatulia kwenye kiti, vipande vipungue.

Usiliache "karibu" liwe ruhusa ya mbwa kuondoka mkekani. Hilo ni la mgeni. La mbwa ni "haya".

Na akiruka licha ya yote hayo?

Mgeni ageuke pembeni, akunje mikono, atazame ukuta. Miguu minne ikigusa sakafu, asemeshwe kwa upole au apewe zawadi chini, karibu na sakafu. Siku za mwanzo ataruka zaidi, kwa kuwa mbinu iliyokuwa inafanya kazi imegoma ghafla naye anaijaribu kwa nguvu. Wengi hukata tamaa hapo hapo, wakampapasa ili ashuke, na hivyo wakamfundisha kwamba akiongeza bidii atapewa. Kama huna mgeni wa kuvumilia hayo, mfunge kamba na uikanyage, ukiacha urefu wa kumtosha kusimama na kulala tu.

Anabweka bila kukoma. Nimnyamazisheje?

Usimpigie kelele, kwake ni kama nawe umejiunga kubweka. Mwache abweke mara chache, nenda usimame alipo, utazame anachokitazama, sema "asante, basi", kisha mwite mkekani na umlipe akinyamaza. Anajifunza kwamba taarifa imepokelewa. Kama anabweka kwa kuwaona wapita njia kupitia matundu ya geti, ziba matundu kwa bati au turubai. Kazi ya nusu saa inaweza kukuokolea wiki nzima ya mafunzo.

Nikiwa peke yangu anafanya kila kitu. Mgeni wa kweli akija anasahau yote. Kwa nini?

Hajasahau. Hujamfundisha kwa kiwango hicho. Kwa mbwa, "mkekani" sebuleni penye kimya na "mkekani" shangazi akishuka kwenye bajaji na mifuko minne ni masomo mawili tofauti. Tafuta wageni wa mazoezi: jirani, rafiki, mtu unayeweza kumwambia, "Kaka, nisaidie, ukifika gonga, ingia, kaa, usimjali mbwa." Na siku ambayo mgeni ni wa heshima na huna nafasi ya kufundisha, usimjaribu. Mfungie chumbani na mfupa mbichi mkubwa, au uwani, kabla mgeni hajafika.

Kumchapa kidogo si kunasaidia?

Kunamnyamazisha mbele ya mwenye fimbo. Mgeni anapoingia na mbwa anachapwa, anachokiunganisha mbwa ni mgeni na fimbo, na mara ijayo atamwona mgeni kama dalili ya kipigo. Ndiyo maana mbwa wanaochapwa mara nyingi huwa wapole bwana akiwepo na hatari akiondoka. Isitoshe, ukatili kwa wanyama ni kosa la jinai: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

## Mbwa mwoga, mbwa mkali

Nitajuaje kama amefurahi, anaogopa au anataka kuuma?

Usiutazame mkia peke yake. Mkia unaotikisika maana yake amesisimka, basi. Tazama mwili mzima. Mwenye furaha ni mlegevu: makalio yanayumba pamoja na mkia, mdomo uko wazi, masikio yamelegea. Mwoga hujilamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso, hukunja mkia, hurudi nyuma na kusogea tena. Anayekaribia kuuma mara nyingi *huganda*. Pumzi inakatika, mdomo unafungwa, macho yanakaza hadi weupe unaonekana pembeni, mkia uko juu na unatikisika kwa haraka kama waya. Ukiona kuganda huko, hiyo si saa ya kufundisha. Ita jina lake kwa sauti ya kawaida, sogea naye mbali.

Akiunguruma nimkemee?

Hapana. Kuunguruma ni onyo, na onyo ni jambo jema. Ukimwadhibu mpaka aache kuunguruma, hofu inabaki pale pale, na siku nyingine atauma bila taarifa. Ongeza umbali kati yake na mgeni, halafu jiulize ni nini kilichomkera.

Anawachukia wanaume tu, au wenye helmeti. Nifanyeje?

Huenda hakuwahi kuwaona akiwa mdogo, au mmoja alimrushia jiwe. Tafuta umbali ambao anamwona mtu huyo na bado anakubali kula. Ndiyo alama yake. Labda ni mita kumi na tano, labda ni upande wa pili wa barabara. Hapo, kila mtu wa namna hiyo akitokea, mapafu yanatokea. Akitoweka, mapafu nayo yanakoma. Akianza kukutazama wewe kwa matumaini kila anapoona helmeti, punguza mita moja. Akikataa chakula ambacho kwa kawaida anakipenda, umesogea mno.

Kwa helmeti kuna njia ya mkato: iweke sakafuni na utie dagaa ndani yake, siku kadhaa, kabla haijavaliwa na mtu.

Ameshamuuma mtu. Naweza kuendelea na mafunzo haya nyumbani?

Kwanza mtu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Msipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ya mapema ndiyo kinga, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Mbwa msimuue. Atengwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10, hata kama kadi yake ya chanjo iko sawa.

Baada ya hapo, tafuta daktari wa mifugo amkague kama ana maumivu, na mkufunzi anayefanya kazi bila kipigo. Mzoeshe kuvaa kifunga mdomo cha mtindo wa kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, ukiweka chakula ndani yake kwa siku nyingi kabla ya kukifunga. Wageni wakija, awe nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo. Kwa baadhi ya mbwa hali itabaki hivyo maisha yote, na hakuna aibu yoyote hapo.

Nikimhasi atatulia?

Kuhasi dume hupunguza kuzurura na kukojoa kila kona. Hakuondoi hofu, wala hakumfundishi adabu ya mlangoni. Usihasi kwa ajili ya wageni peke yao.

## Wageni wa namna mbalimbali

Mgeni anaogopa mbwa. Nimwambie "hana shida, haumi"?

Tafadhali usimwambie hivyo. Kila aliyewahi kuumwa na mbwa aliambiwa maneno hayo. Mwondoe mbwa kabla mgeni hajavuka geti: "Karibu mama, nisubiri kidogo nimpeleke mbwa nyuma." Ukijua ana hofu, mwombe akupigie simu akiwa njiani. Hofu ya mgeni si nafasi ya kumfanyia mbwa mazoezi, na mbwa naye humshangaa mtu anayekimbia, kurukaruka na kupiga yowe.

Wageni wangu ni Waislamu. Kuna la kuzingatia zaidi?

Waislamu wengi wa mwambao hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huyahesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Kwa hiyo mbwa wako mpole anayemlamba mgeni mkono robo saa kabla ya Magharibi amempa kazi kubwa. Kufuga mbwa wa ulinzi kunakubalika na familia nyingi zenyewe wanao. Suala ni kuguswa. Kwa mgeni huyu kiwango cha kulala mkekani hakitoshi. Mbwa awe uwani na mlango umefungwa, na mahali utakapomtandikia mswala pawe pale ambapo mbwa hafiki kabisa. Usingoje aombe. Wengi watanyamaza kwa kukustahi.

Watoto wa wageni je?

Kanuni moja isiyo na mjadala: mtoto mdogo na mbwa hawaachwi peke yao, hata dakika ya kwenda jikoni kuangalia chai. Watoto hukimbia, hupiga makelele, hukumbatia shingo, na mbwa wengi hawapendi kukumbatiwa. Wafundishe wakubwa wao kusimama kama mti mbwa akiwasogelea, wasimsumbue anapokula au kulala. Mkeka ni wa mbwa, mtoto haukanyagi.

Bodaboda, msoma mita, mzoa taka: hao hawakai. Nao wanahesabika?

Hao ndio wagumu zaidi. Mbwa anabweka, mtu anaondoka, na mbwa anaamini amemfukuza. Kila wiki imani inakua. Suluhisho ni mbwa kutowafikia kabisa: siku ya taka awe amefungiwa nyuma, na kila likipita gari la taka apate vipande vichache. Ukiweka mita, ndoo ya taka na kengele upande wa nje wa uzio, umejipunguzia nusu ya matatizo.

Tuna msiba, au harusi. Watu mia watakuja.

Mpeleke kwa ndugu au jirani anayemfahamu, siku moja kabla. Turubai, vyombo, magari, watu wanaolala uwani, kuku wanaochinjwa: hakuna mafunzo yanayohimili hayo. Ikishindikana, chumba cha mwisho, maji, mkeka wake, na mtu mmoja mwenye ufunguo. Asifungwe kwenye mti karibu na mafiga.

## Kesi ngumu

Nikimzoesha kwamba wageni huleta chakula, mwizi si atamlisha sumu?

Hofu hii ina msingi, wezi hufanya hivyo. Ndiyo maana katika mafunzo haya chakula hutoka kwa mwenye nyumba na hutolewa mkekani, si mkononi mwa mgeni. Mgeni ni habari njema kwa sababu *wewe* unalipa anapokuwepo. Ongeza zoezi la "acha": weka kipande sakafuni chini ya kiganja, mlipe kingine bora zaidi anapogeuza uso. Kisha fanya hivyo uwani, na vipande vilivyowekwa na mtu mwingine. Usitegemee zoezi hili peke yake, mbwa mwenye njaa atakula. Mlishe jioni ashibe, na fagia kando ya ukuta kila asubuhi.

Mbwa wangu hufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku. Mafunzo yatafaa?

Kwa shida. Anayefungwa hawezi kukimbia kinachomtisha, kwa hiyo anajifunza kutisha yeye. Mjengee uzio mdogo au banda lenye nafasi ya kutembea, umtoe mara mbili kwa siku, ndipo uanze na mkeka.

Nina mbwa watatu. Mmoja akianza, wote wanaanza.

Fundisha mmoja mmoja, wengine wakiwa wamefungiwa wasikoona. Kila mmoja na mkeka wake, umbali wa hatua kadhaa. Anza na yule anayeanzisha. Akitulia yeye, nusu ya kelele imekwisha.

Mgeni anasema "mwache tu, mimi napenda mbwa" na anampapasa anaporuka.

Anakuharibia. Mpe kazi: "Nisaidie, msemeshe akiwa amekaa tu." Mtu anayependa mbwa hukubali haraka akipewa jukumu. Asipokubali, mbwa abaki kwenye kamba yako.

Alikuwa mtulivu miaka yote, ghafla anawavamia wageni. Amesahau mafunzo?

Mara nyingi si mafunzo. Fikiria maumivu kwanza: sikio, jino, nyonga, kidonda chini ya manyoya. Mbwa mzee anayepoteza kusikia au kuona hushtuka mtu akimtokea. Daktari wa mifugo ndiye wa kumwona, kabla ya mkufunzi.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama mbwa hana chanjo na amebadilika kwa siku chache tu, anauma vitu ovyo, sauti imekuwa nyingine, anayumba, anadondokwa mate na hawezi kumeza, usimkaribie. Anaweza kuonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Usitie mkono mdomoni mwake. Funga mlango alipo, ondoa watu na wanyama wengine, piga simu kwa afisa mifugo wa eneo lako, na aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe na aende hospitali kama ilivyoelezwa kwenye swali la mbwa aliyeuma.